Waliita Walichokiona



Mwaka 423 kabla ya Kristo, mjini Athens, ulichezwa mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes uitwao Mawingu. Ndani yake yumo mzee mmoja ambaye madeni yamemfika shingoni, na chanzo chake ni mwanawe, kijana asiyejua kingine ila farasi. Mzee anatafuta hila ya kukwepa kulipa. Siku zile shtaka la deni liliandikwa kwenye kibao kilichopakwa nta. Basi mzee anakumbuka kuna jiwe zuri linalopitisha nuru, ambalo wauza dawa huliuza kwa watu wa kuwashia moto. Kwa nini asisimame mbali kidogo, upande wa jua, akalielekeza jiwe hilo kwenye kibao wakati karani anaandika, shtaka lote likayeyuka pamoja na nta yake?

Hila yake haikumfikisha mbali, lakini jina la jiwe lile limefika mbali sana. Kwa Kigiriki liliitwa hyalos. Sisi tuliseme kwa ulimi wetu: hialosi. Vitabu vya leo vinatuambia maana yake ni kioo, na kutokana nalo madaktari, wanajiolojia na wataalamu wa wadudu wamejitengenezea maneno mengi ambayo huenda umeyasikia bila kujua ni ndugu. Hialini, inayotajwa kwenye majibu ya maabara. Asidi ya hialuroniki, iliyoandikwa kwenye chupa ndogo za vipodozi. Hyalomma, jina la kupe fulani wa ng'ombe.

Ila hata hao Wagiriki hawakuwa na maana ya kioo kama tunavyokijua sisi, kile cha dirishani. Herodotus, aliyeishi karne hiyohiyo, anasimulia wapelelezi wa Kambisi, mfalme wa Uajemi, waliofika kwa Waethiopia waliosifika kwa kuishi miaka mingi. Anasema watu wale walimkausha maiti, wakampaka chokaa, wakamchora afanane na alivyokuwa hai, kisha wakamweka ndani ya nguzo ya hyalos iliyotobolewa katikati, aonekane pande zote bila kutoa harufu. Nguzo hiyo ilikaa nyumbani kwa ndugu mwaka mzima. Na hiyo hyalos, anasema, nchi ile waliichimba ardhini kwa wingi. Kioo cha kuchimbwa! Wasomi wamebishana sana: wengine wamesema ni chumvi ya mawe, wengine alabasta. Kwangu mimi ubishi huo unatuonyesha jambo moja zuri. Neno lile halikuwa jina la kitu fulani. Lilikuwa ushahidi wa jicho. Mtu aliona kitu kinang'aa au kinapitisha nuru, akakiita hyalos, basi. Kimetengenezwa na nini na kinafanya kazi gani, hayo neno halikudai kuyajua.

Nalo likaingia maabara na tabia yake ileile.

Karne ya 19, hadubini zilipoboreka, madaktari wa Ulaya walianza kukata vipande vyembamba vya nyama ya mwili na kuvitia rangi ili vionekane vizuri. Rangi moja waliyoipenda, na inayotumika hadi leo, ni eosini, ambayo hugeuza protini nyingi kuwa za waridi. Mara kwa mara walikutana na mahali ambapo hapakuwa na chembe wala nyuzi, ila doa la waridi, laini, lenye kung'aa. Hawakujua ni nini. Wakaandika: hialini, yaani cha kioo.

Msikilizaji, ukiisoma hialini kwenye cheti cha daktari, usidhani umeambiwa ugonjwa. Umeambiwa sura. Ini la mlevi wa miaka mingi lina hialini, iliyoelezwa na Frank Mallory wa Marekani mwaka 1911. Mishipa midogo ya damu ya mwenye shinikizo la damu au kisukari ina hialini. Kovu la zamani lina hialini. Vitu hivyo vitatu havina undugu wowote kikemia. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote vilimng'aria mtu aliyeinama kwenye hadubini. Hata mkojo una hialini zake, vipande vidogo vyenye umbo la mirija, vilivyofinyangwa ndani ya figo na protini ambayo Igor Tamm na Frank Horsfall waliitenga mwaka 1950. Mtu mzima wa afya aliyekimbia mbio ndefu juani bila maji ya kutosha anaweza kuwa navyo, na vikapotea. Nimeona watu wakihangaika usiku kucha na karatasi ya majibu mkononi kwa ajili ya neno hilo. Muulize daktari idadi yake, na kama kuna kingine pamoja nacho. Neno peke yake lisikunyime usingizi.

Mahali ambapo jina hili limekaa kwa heshima zaidi ni kwenye gegedu. Nenda buchani, mwombe mwenye bucha akuonyeshe kichwa cha mfupa wa goti la ng'ombe kabla hajakipiga shoka. Ule uso mweupe wenye ubuluu kidogo, unaoteleza hata ukipitisha kidole, ndio gegedu hialini. Ndilo gegedu la koo la hewa na la ncha za mbavu, na kwenye goti lako ndilo linalokuwezesha kuinuka sasa hivi ulipokaa. Likiwekwa kwenye hadubini linaonekana kama halina kitu katikati ya seli zake, uwanda mtupu wa kioo. Lakini si tupu hata kidogo. Limejaa nyuzi za kolajeni, nyuzi hasa zinazolipa nguvu. Hazionekani kwa sababu zinaupinda mwanga sawasawa na ute uliozizunguka, na vitu viwili vinavyoupinda mwanga sawasawa jicho haliwezi kuvitenganisha. Ukitumia mwanga wa aina nyingine, ule ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, nyuzi zinajitokeza. Kwa hiyo hapa jicho lilisema kweli kuhusu sura, na likapitwa kabisa na kilichomo.

Kuna mahali pamoja ambapo kupitwa huko kuliwagharimu watu, na hapo nataka tukae kidogo.

Mwaka 1903 Mjerumani mmoja, Hochheim, alichunguza mapafu ya vichanga waliokufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, akaona vifuko vya hewa vimetandazwa kwa ndani utando wa waridi unaong'aa. Utando hialini. Wengine wakaona vivyo hivyo, tena hasa kwa wale tunaowaita watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto anazaliwa, analia, baada ya saa chache anaanza kupumua kwa shida, mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, anaguna kila anapoitoa, midomo inageuka rangi, na siku ya pili au ya tatu amekwenda. Baada ya kifo utando unaonekana. Ugonjwa ukaitwa maradhi ya utando hialini.

Jina likishatolewa, watu hulifuata. Utando umekutwa pale, basi utando ndio mwuaji. Kazi iliyobaki ni kujua umetoka wapi. Je, mtoto amevuta maji ya tumboni mwa mama? Je, amepaliwa na maziwa? Miaka mingi ikapita hivyo, watu wakiutafutia utando asili yake. Mwaka 1956 David Gitlin na John Craig walionyesha mjini Boston kwamba ndani ya utando ule mna fibrini, protini ya kugandisha damu. Maana yake haukuingia kutoka nje. Ulivuja kutoka kwenye damu ya mtoto mwenyewe. Kitu kinachovuja kinavuja kwa sababu kuna mahali pameharibika kwanza.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna mzazi angepafikiria: maabara za majeshi zilizochunguza gesi za sumu. Mwanadamu akivuta gesi kama zile za vita, mapafu yake hujaa povu. Uingereza, huko Porton Down, Richard Pattle alikuwa akilichunguza povu hilo, akashangaa kwamba viputo vyake havipasuki. Viputo vya maji matupu hupasuka mara moja, hivi vilidumu. Mwaka 1955 akaandika kwamba mapafu lazima yanatengeneza kitu kinachopunguza mvutano wa uso wa maji. Marekani, John Clements, naye kwenye maabara ya jeshi huko Maryland, akakipima kitu hicho miaka miwili baadaye.

Ndani ya kila kifuko cha hewa mna unyevunyevu, na maji siku zote hupenda kujikusanya. Yanavuta kuta za kifuko zikutane. Kitu kile kinafanya kazi kama sabuni ndani ya maji, kinaulegeza mvuto ule ili kifuko kibaki wazi hata baada ya pumzi kutoka. Wataalamu wanakiita safaktanti. Mtoto tumboni huanza kukitengeneza kidogokidogo yapata wiki ya 24, na kwa kawaida huwa hana cha kutosha mpaka wiki ya 34 au 35 hivi.

Hapo ndipo anapoingia Mary Ellen Avery. Alikuwa daktari kijana wa watoto, naye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu mara tu baada ya kumaliza masomo yake, na ugonjwa huo ndio uliomfanya ayapende mapafu. Alimtembelea Clements, akaona alivyokuwa akipima. Akakumbuka jambo ambalo kila mtu aliyefanya kazi kwenye chumba cha maiti alikuwa ameliona, lakini hakuna aliyelihesabu kuwa kitu: mapafu ya watoto waliokufa kwa utando hialini hayakuwa na povu. Wengine wote walitazama kilichokuwepo. Yeye akakitazama kisichokuwepo. Mwaka 1959, yeye na Jere Mead walichapisha vipimo vyao: mapafu hayo yamepungukiwa na safaktanti. Mtoto anavuta pumzi ya kwanza kwa nguvu zake zote, kisha vifuko vinajikunja, na pumzi ya pili inambidi aanze upya kama ya kwanza, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka anachoka. Kuta zinachubuka, maji ya damu yanavuja, fibrini inaganda. Ndio utando. Ulifika baada ya madhara, ukakutwa eneo la tukio, ukabebeshwa kesi.

Maarifa hayo hayakuwa dawa bado. Tarehe 7 Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani na mkewe walipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya siku zake, akiwa na kilo mbili na kidogo. Kwa viwango vya leo huyo ni njiti mkubwa, ambaye mama zetu wengi wanatoka naye wodini salama. Alikuwa na utando hialini. Walimpeleka Boston, wakamweka kwenye chumba cha oksijeni ya mgandamizo, na baba yake alikuwa na uwezo wa kumwita daktari yeyote duniani. Aliishi saa 39.

Msaada ulikuja kwa njia tatu, na kila moja ilikuwa na mtu wake. Mwaka 1971 George Gregory, huko San Francisco, aliutilia maanani ule mguno. Mtoto haguni kwa maumivu. Anabana koo ili hewa isitoke yote, vifuko visijikunje. Basi Gregory akamsaidia kwa mashine inayosukuma hewa kwa mgandamizo mdogo usiokatika. Leo ziko mashine rahisi za namna hiyo, bomba lake likiwa limetumbukizwa kwenye chupa ya maji yanayotoa viputo, na wodi nyingi za watoto wachanga Afrika zinazitegemea. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliripoti kuhusu watoto kumi aliowatilia mapafuni safaktanti iliyotolewa kwenye mapafu ya ng'ombe. Dawa hiyo ipo mpaka sasa, na bei yake bado ni kilio.

Njia ya tatu ndiyo inayonikera ninapoifikiria. Huko New Zealand, Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo. Mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya wakati, baada ya kupewa homoni za steroidi, alipumua wakati hakutarajiwa kuweza kupumua. Yeye na Ross Howie wakawajaribu kina mama waliokuwa karibu kujifungua mapema, wakachapisha mwaka 1972: sindano za bei ndogo kwa mama, na vifo vya watoto vikapungua. Majaribio mengine yakathibitisha. Lakini ilipita miaka 22, hadi 1994, ndipo taasisi kuu ya afya ya Marekani ilipokutanisha wataalamu na kutamka wazi kwamba dawa hiyo itolewe. Kuna shirika la kimataifa la kukusanya ushahidi wa tiba, Cochrane, ambalo nembo yake ni mchoro wa majaribio hayohayo ya steroidi, ili aibu ile isisahaulike.

Na huku kwetu? Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, la kusambaza steroidi hizo hadi zahanati za vijijini. Matokeo yaliwashtua watu: kwa jumla vifo vya vichanga vilipanda kidogo, huenda kwa kuwa akina mama wengi walichomwa sindano kisha hawakujifungua njiti, na mahali pengi hapakuwa na matunzo mengine. Madaktari wakabaki njia panda. Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio jingine katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, safari hii mahali ambapo umri wa mimba unaweza kupimwa na mtoto akatunzwa. Lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi: kati ya watoto ambao mama zao walipata deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, walikufa asilimia 19.6, na kati ya wengine asilimia 23.5. Hiyo ilikuwa 2020. Sindano ileile, mazingira mbalimbali, majibu mbalimbali.

Sitaki kumlaumu Hochheim. Yeye alisema ameona kitu cha kioo, na kweli kilikuwepo. Mwaka huohuo wa 2020, walipofungua mapafu ya watu waliokufa kwa UVIKO, wataalamu waliukuta utando hialini tena, wa waridi, unaong'aa, vilevile. Neno utando halikukosea, na neno hialini halikukosea. Lililokosea ni neno maradhi lililotangulizwa mbele yao. Wodini siku hizi ugonjwa huo unaitwa kwa jina jingine, la kupumua kwa shida, lakini kwenye hadubini hialini ingali hialini, na nadhani itatuzika sote.

Sasa tutoke wodini.

Mwaka 1934, New York, Karl Meyer, mkemia aliyezaliwa Ujerumani, na msaidizi wake John Palmer walikuwa wakichunguza macho ya ng'ombe yaliyotoka machinjioni. Walitaka ule ute mzito, mwangavu, unaolijaza jicho nyuma ya lenzi. Ute huo ulishapewa jina la kioo tangu zamani za matabibu wa Kigiriki, hialoidi. Ndani yake wakapata sukari ndefu ya ajabu, iliyofungamana na asidi ya kundi la uroniki. Wakaunganisha majina: asidi ya hialuroniki. Ndiyo hiyo inayouzwa madukani.

Neno asidi lisikutishe. Mwilini iko kama chumvi, haichomi. Mtu wa kilo 70 ana gramu 15 hivi mwilini mwake, karibu nusu ikiwa kwenye ngozi, na kila siku theluthi moja huvunjwa ikatengenezwa upya. Iko kwenye ute wa magoti, iko kwenye kitovu cha mtoto. Na ukimkamata jogoo, ule undu wake mwekundu umejaa hiyo. Kutoka kwenye undu wa jogoo Endre Balazs, mwanasayansi wa asili ya Hungaria, aliisafisha kiasi cha kuweza kutiwa ndani ya jicho la mtu. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa macho wanaitumia wanapoondoa mtoto wa jicho, ili nafasi ibaki wazi na kuta laini zisikwaruzwe. Hospitali zinazobana matumizi hutumia ute mwingine wa bei nafuu, na kazi inakwenda. Siku hizi jogoo amepumzishwa kwa kiasi kikubwa, wanaoitengeneza ni bakteria kwenye mapipa.

Kuhusu zile chupa za vipodozi nitasema kwa ufupi, maana najua nitapigiwa simu. Molekuli yake ni kubwa mno, kwa hiyo iliyo ndefu haizami ngozini; inakaa juu, inashika maji, ngozi inaonekana nyororo kwa siku hiyo. Hilo si uongo. Uongo ni kulipa mshahara wa wiki ukitarajia ujana.

Kilichonivutia zaidi ni mnyama wa ukanda wetu. Katika nchi kavu za Somalia, Ethiopia na Kenya anaishi chini ya ardhi panya fuko asiye na manyoya, mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo, sura ambayo hata mama yake angeisifu kwa shida. Jennifer Jarvis, aliyewachukua kutoka Kenya, alieleza mwaka 1981 kwamba wanaishi kama mchwa, wakiwa na malkia mmoja anayezaa na wengine wote vibarua. Panya wa kawaida akifika miaka mitatu kashazeeka; huyu anapita 30, na saratani kwake ni nadra mno. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, wa Chuo Kikuu cha Rochester, walikuwa wakizikuza seli zake, wakawa wanakerwa na jambo moja: kimiminika cha kukuzia kiligeuka kizito kama sharubati, kikaziba mirija. Uzito huo ulikuwa asidi ya hialuroniki, ndefu zaidi ya mara tano kuliko ya mtu. Walipoiondoa, seli zikawa rahisi kugeuka saratani. Hiyo ni 2013. Mwaka 2023 wakaripoti kwamba panya wa maabara waliopewa jeni ya mnyama huyo waliishi muda mrefu zaidi kidogo, asilimia 4.4 kwa kipimo cha kati. Wenzao wengine wamepinga, wakionyesha kwamba seli hizo zinaweza kugeuka saratani hata hivyo, na panya fuko wachache wa bustani za wanyama wamekutwa na uvimbe. Ubishi haujaisha.

Asidi hii ina adui wake, kimeng'enya kinachoikata vipande, hialuronidasi. Kimo kwenye sumu ya nyuki na ya nyoka wengi, kazi yake kufungua njia ili sumu isambae. Kimo pia kwenye kichwa cha mbegu ya kiume, kwa sababu yai la mwanamke limezungukwa na seli zilizogandamana ndani ya ute wa asidi hiyohiyo. Huenda sote tumefika duniani kwa msaada wake.

Nimebakiza macho ya kupe.

Mwaka 1844 Carl Ludwig Koch, Mjerumani aliyependa buibui na jamaa zao, alilipa kundi moja la kupe jina Hyalomma: hyalos ni kioo, omma ni jicho. Kupe wa kundi kubwa la Ixodes hawana macho kabisa. Huyu anayo, mawili, yamebenuka pembeni ya gamba la mgongo, yanang'aa. Miguu yake ina pete nyeupe, na anaitumia. Kupe uliowazoea hupanda ncha ya jani wakasubiri ng'ombe apite. Hyalomma mkubwa hasubiri. Hujificha chini ya majani au changarawe, akihisi mnyama yuko karibu hutoka mbio kumfuata. Wafugaji wa nyanda kavu, kutoka Karamoja mpaka kaskazini mwa Kenya, wanamfahamu mwendo wake.

Koch aliona jicho. Hakuona kilichomo tumboni, wala asingeweza. Mwaka 1956, mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, mtoto mmoja aliugua homa kali, na daktari aliyekuwa akifanya kazi ya virusi pale, Ghislain Courtois, naye akaugua. Virusi vilivyopatikana vilichunguzwa baadaye Entebbe, kwenye maabara ya virusi ya Afrika Mashariki, na taarifa ikachapishwa mwaka 1967 katika jarida la tiba la kwetu hapahapa, East African Medical Journal, kwa jina la virusi vya Kongo. Kumbe wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1944, wanajeshi wa Kisovieti huko Crimea waliosaidia kuvuna mashamba waliugua homa ya kutoka damu, watu kama 200. Mwaka 1969 Jordi Casals, huko Yale, alilinganisha virusi vya Crimea na vya Kongo akakuta ni kitu kimoja. Ndiyo maana homa hii ina jina la mahali pawili ambapo hakuna basi linalopaunganisha: homa ya Crimea na Kongo. Anayeibeba zaidi ni Hyalomma, na Uganda imekuwa ikiripoti wagonjwa mara kwa mara tangu 2013.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye virusi hivyo hawaonyeshi dalili. Ukimtazama mnyama ni mzima, anakula, anakojoa, anauzwa mnadani. Anayeumia ni mchinjaji aliyerukiwa na damu, mfugaji aliyemminya kupe kwa kucha, na muuguzi aliyempokea mmoja wa hao bila glavu. Chanjo inayokubalika na kutumika sehemu nyingi duniani haijapatikana. Kwa hiyo kupe ukimkuta mwilini mwako, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumpasua, kisha nawa mikono kwa sabuni. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, mwambie daktari kwamba uliumwa na kupe. Na ukimwona ana miguu ya pete nyeupe na anakukimbilia, sogea haraka, macho yake utayachunguza siku nyingine.